Springi za Baba

Kaka yangu Dishon alikuwa na gari ambalo kila mtu Kaloleni alilisifu na hakuna aliyetaka kukaa nyuma yake. Lilikuwa Datsun stesheni wagon, rangi ya maziwa, lililokuwa likisambaza mikate mjini Kisumu kabla hajalinunua. Hata baada ya miaka, ukifungua mlango wa nyuma jua likiwa kali, harufu ya mkate ilikupiga puani. Viti vya nyuma alivitoa akavitupa. Springi za nyuma alizitengeneza kwa mikono yake. Hizo springi ndizo ninazotaka kuzisimulia, na kila nikizisimulia hasira hunipanda, kwa hiyo mnivumilie.

Zilikuwa springi za majani, yaani vyuma virefu vilivyopindwa kidogo na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, kifupi chini, kisha vikafungwa pamoja katikati. Datsun ilitoka kiwandani na springi laini za kupelekea familia kanisani. Dishon hakuwa na haraka ya kwenda kanisani. Alikuwa fundi katika gereji ya Kulwant Singh, na Jumapili Kulwant na wenzake walishindana magari kwenye barabara za miwa upande wa Miwani. Dishon naye alitaka kushindana, na gari lake la mikate lilikuwa likilala upande kila kona, kama mlevi anayetafuta ukuta.

Basi akazitoa springi za kiwandani akazikatakata. Akaokota majani mengine kutoka pikapu iliyokufa, akayapeleka kwa Shitanda, mfua chuma wa karibu na soko la Kibuye, yakapashwa moto mpaka yakawa mekundu, yakapindwa upya na kuzimwa ndani ya oili chafu. Akaongeza majani juu ya majani. Chini akafunga ufito wa chuma wa kuzuia ekseli isiende kando. Alipomaliza, gari lilikamata barabara usiamini. Kwenye kona halikuinama hata kidogo. Jumapili moja ya matope alimshinda Kulwant mwenyewe, na Kulwant, mtu asiye na kinyongo, akawanunulia wote soda.

Lakini ole wako ukae nyuma. Apiyo, mke wa Dishon, alibeba mto kila safari. Baba yetu, Mzee Absalom, aliyeendesha lori la baraza la mji maisha yake yote ya kazi, alipanda mara moja kwenda Kibuye, akashuka katikati ya njia akarudi kwa miguu. Tangu siku hiyo gari hilo aliliita mkokoteni. Alikuwa akimwambia Dishon mbele ya watu kwamba gari ni la kubeba watu, si la kuwachapa. Dishon alicheka tu. Nilijua hakuchekeshwa, kwa sababu Baba alikuwa mwalimu wake wa kwanza wa ufundi, na sifa za Kulwant zote hazikumshibisha bila sifa ya Baba.

Baba alikuwa mtu mnene. Wenzake wa lori walimwita Gunia, na yeye jina hilo alilipenda. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu ilikaa verandani kwetu Kaloleni, na suruali zote za Baba nilizishona mimi. Kitambaa cha suruali yake moja kingetosha vijana wawili. Nilikuwa nikimzungushia futi ya kupimia kiunoni huku nikimuuliza kama tuongeze kipande cha pazia, naye ananiambia nishone, nisiongee.

Ugonjwa ulianza kama maumivu ya mgongo, mwaka ule wa themanini na nane, mvua za masika zikiwa zimeanza. Kila mtu alisema ni mgongo wa dereva. Kufikia hospitali kutuambia uko ndani ya mfupa wenyewe, Baba alikuwa hawezi kukaa. Walimrudisha nyumbani Kaloleni na vidonge, wakatuambia tumgeuze polepole. Mama alimwosha, mimi nikamwinua. Dishon alikuja kila jioni akasimama mlangoni. Kutoka hapo mlangoni alimweleza Baba habari za gari, na Baba alizifurahia, lakini kaka yangu hakusogea kitandani. Hakumshika hata mkono. Alikuwa akitazama dirisha. Mimi niliona, na niliudhika, lakini nyumba yenye mgonjwa haihitaji kelele.

Halafu Baba akasema anataka kwenda nyumbani Pap Onditi, kumtoa Dishon.

Kwetu Nyakach mwanamume hatoki tu kwa baba yake akajijengea anapopenda. Akiwa na mke na mtoto, baba humtoa alfajiri. Baba hutangulia, mwana hufuata na shoka na jogoo, mke hubeba moto, na wakifika mahali penyewe ni baba anayeonyesha nyumba itasimama wapi. Hapo ndipo unapata dala yako, boma lako mwenyewe. Kabla ya hapo, hata ukiota mvi, wewe ni kijana unayelala katika simba, nyumba ya vijana, ndani ya boma la baba yako. Dishon alikuwa mzaliwa wa kwanza. Kila mwaka Baba alimkumbusha, na kila mwaka Dishon alisema mwaka ujao, maana mwaka huu ni injini, mwaka huu ni magurudumu. Sasa Baba hakuwa na mwaka ujao. Ndugu yake wa pekee, Nicodemus, alikwisha kufa. Baba naye akifa, ukoo ungetafuta mzee mwingine asimame mahali pake, na Baba hakutaka kusikia habari hiyo. Alisema mtoto ni wake na yeye ndiye atakayemwonyesha mahali.

Kulwant aliposikia alikuja mwenyewe Kaloleni na Peugeot yake. Aliiegesha mbele ya mlango wetu, akatoa ufunguo.

"Dishon, chukua hii," alisema. "Nyuma iko laini kabisa. Mzee atalala mpaka Pap Onditi."

Dishon alimshukuru, akamrudishia ufunguo. Alisema baba yake hatapelekwa kumjengea mwanawe dala kwa gari la kuazima. Nilimtazama nikidhani anatania. Nikageuka kwa Baba, nikitegemea atamkemea, lakini Baba naye, kutoka kitandani, akasema atapanda mkokoteni wa kijana wake. Hebu fikiria. Miaka yote amelitukana gari lile, na siku hiyo ndiyo aliyochagua kuliheshimu. Wote wawili walikuwa na vichwa vigumu, na mimi na Mama tulikuwa katikati kama unga kwenye jiwe la kusagia.

Tulimlaza nyuma ya Datsun juu ya magodoro. Mama alikaa upande mmoja, mimi upande wa pili, Apiyo akakaa mbele na mtoto wao. Dishon aliendesha taratibu, nakubali. Lakini mvua ilikuwa imeitoboa barabara, na springi zile hazikujua taratibu. Hatujafika hata Nyamasaria gurudumu la nyuma likaingia shimoni, shimo dogo ambalo gari lingine lisingelisikia, na Baba akalia. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, kisha akajaribu kutuomba radhi kwa kulia.

Dishon alisimamisha gari. Alikaa mikono ikiwa kwenye usukani, hakugeuka nyuma. Magari yalitupita yakipiga honi. Mwishowe Mama akamwambia aturudishe.

Nilidhani baada ya hapo ataenda kwa Kulwant kuomba Peugeot. Mtu mwenye akili timamu angeenda. Yeye alikwenda kwa Shitanda. Zile springi za kiwandani, zilizokuwa laini, alikwisha kuzikata mwenyewe na kuzitumia kutengeneza hizi ngumu, na chuma kilichokatwa hakirudi. Kwa hiyo ilimbidi aanze upya. Alitafuta majani membamba ya gari dogo lililoanguka, akayasugua ncha kwa tupa mpaka yakawa membamba zaidi. Kati ya jani na jani aliweka vipande vya plastiki alivyokata kutoka jerikeni, ili vyuma viteleze bila kukwaruzana. Zile pampu za kuzuia springi zisirukeruke alizifungua akabadilisha oili, akatia nyepesi. Wote gerejini walimsaidia. Kulwant alimruhusu aache kazi nyingine zote zilale. Baba naye kitandani alikuwa akiuliza kila asubuhi wamefika wapi, na akitumiwa habari alizijibu kwa mashauri, kaza hapa, legeza pale. Kwa mara ya kwanza tangu augue alikuwa na kazi. Labda ndiyo sababu sikupiga kelele mapema.

Siku aliyomaliza, Dishon alituletea gari nyumbani tulione. Nyuma alikuwa amepanga magunia ya mahindi, moja mahali ambapo Baba angelala, mengine mawili mahali petu mimi na Mama. Juu ya gunia la Baba aliweka karai la maji, limejaa mpaka ukingoni. Alikuwa ametoka nalo hivyo Ahero, akipita kwenye mashimo yote yanayojulikana, na kulikuwa na maji kidogo tu yaliyomwagika. Watu wa mtaa walizunguka gari wakilisifu. Dishon alikuwa akitabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani, akifungua na kufunga mlango wa nyuma ili kila mtu aone lile karai.

Mimi nilikuwa nikitazama gunia. Gunia zima la mahindi, lililoshindiliwa na kushonwa mdomo, ambalo wanaume wawili hulinyanyua wakigugumia.

"Hilo gunia ni nani?" nilimuuliza.

"Ni Baba," alisema. "Si ndiyo jina lake?"

Niliingia ndani nikatoka na suruali. Ilikuwa ile ya kijivu aliyoipenda Baba, ambayo nimekuwa nikiipunguza tangu aanze kuugua, napunguza, baada ya muda napunguza tena. Nilimshikisha mkononi upande wa nyuma ukiwa juu. Mifuko yake miwili ya nyuma ilikuwa imegusana. Hapakuwa na kitambaa katikati.

"Huyo ndiye Baba," nilimwambia. "Mimi mwenyewe namwinua bila kusaidiwa. Wewe umetengenezea springi mtu ambaye hayuko."

Sikuwa na huruma naye wakati ule, na hata sasa sijutii. Alikuwa amepima chuma kwa vidole, akakisugua mpaka kikafika anavyotaka, lakini mtu mwenyewe hakumpima, kwa sababu kumpima kulitaka amguse. Springi iliyowekwa kwa mzigo mzito huwa ngumu mzigo ukiwa mwepesi. Hata mimi wa cherehani nilikuwa nimekwisha kujua hivyo kwa kusikia mazungumzo yao.

Dishon aliikunja ile suruali vizuri, akanirudishia. Kisha akaingia ndani, akapita mlango aliokuwa akisimama kila jioni, akaenda mpaka kitandani. Aliingiza mkono mmoja chini ya magoti ya Baba na mwingine chini ya mabega, jinsi alivyoniona nikifanya, akamwinua. Aliinuka haraka kuliko alivyotaka, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo, na nusura aanguke nyuma.

Baba alimtazama usoni kwa karibu. "Wuoda," alisema, mwanangu. "Unanipima?"

"Ndiyo, Baba."

"Haya. Pima vizuri."

Dishon alisimama naye pale katikati ya chumba. Hakutembea, hakuketi. Baba alikiegemeza kichwa kifuani kwake akafumba macho, na niliona kwamba hakuwa na maumivu, maana mikono ya kaka yangu ilikuwa imetulia kabisa. Mama alitoka nje. Mimi pia nilitoka, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka Baba anisikie. Baadaye nilimkuta Dishon nyuma ya nyumba, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso ndani ya mikono.

Nilimwomba siku hiyo. Sikumwamuru, nilimwomba. Nilimwambia chukua Peugeot ya Kulwant, twende kesho, Baba hatajali. Akasema sasa anajua kosa liko wapi, ni kupunguza jani moja tu, labda mawili, na kulainisha yaliyobaki. Alisema Baba amekubali kumngoja. Hilo lilikuwa kweli. Nilipomwendea Baba aliniambia nimwache kijana afanye kazi yake.

Basi akapunguza. Akaja, akamwinua Baba, akarudi gerejini, akafunga kokoto kwenye mfuko mpaka ukalingana na kile ambacho mikono yake ilikumbuka, akauweka nyuma ya gari, akaendesha na karai lake. Jani likavunjika, likafuliwa lingine. Lilipokuwa tayari akaja tena kumwinua Baba, akakuta uzito umepungua, na lile alilolitengeneza limekuwa gumu. Akarudi kulegeza. Kila alipofika pale Baba alipokuwa, Baba alikuwa amesogea. Apiyo alimwambia aache. Kulwant alimwambia, kwa upole, kwamba hakuna springi duniani inayofika mwisho wa kulainishwa. Hakusikia. Na mimi namjua kaka yangu, nitawaambia ninachofikiri: alikuwa amegundua kwamba kazi hiyo inampa ruhusa ya kumbeba baba yake kila siku, na hakutaka iishe.

Iliisha. Asubuhi moja Dishon alikuja akiwa na furaha, gari liko nje, karai limejaa na hakuna tone lililomwagika. Alisema tufunge mizigo, tunaondoka. Mama ndiye aliyemfungulia mlango. Baba alikuwa amekufa alfajiri, saa ile ambayo angekuwa akitangulia mbele ya mwanawe, jogoo na shoka vikifuata nyuma.

Kulwant alileta Peugeot tena kwa safari ya mazishi, na Dishon akaikataa tena, na safari hii sikuwa na nguvu ya kugombana. Lakini zile springi laini hazikuweza. Jeneza lilikuwa la mbao nzito, na wanawake wa kukaa kando yake, na tulipojaribu kupakia, nyuma ya Datsun ilishuka mpaka bodi ikagusa magurudumu. Springi zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, akiwa hai, akiwa amekonda kiasi kile. Hazikufaa kwa kitu kingine chochote.

Ikabidi jeneza lishushwe, liwekwe verandani karibu na cherehani yangu. Dishon na Kulwant wakalala chini ya gari na spana zao, Kulwant na kilemba chake safi cha mazishi, wakafungua springi laini na kurudisha zile ngumu, zile za mashindano. Zililingana na mzigo huo barabara, kana kwamba tangu mwanzo alizitengeneza kwa siku hiyo. Wazo hilo lilinijia nikalichukia, na bado nalichukia.

Tulipita Ahero, tukapita mashamba ya mpunga, tukafika Katito. Gari halikuyumba kwenye kona hata moja. Mjomba mmoja aliyekuwa mbele alilisifu, alisema hajawahi kupanda gari lililotulia hivi. Lakini Dishon alikuwa karibu kusimama kabisa kwenye kila shimo, akiliteremsha gurudumu moja baada ya jingine, na magari ya waombolezaji yakawa msururu mrefu nyuma yetu. Yule mjomba akachoka.

"Ongeza mwendo, Dishon," alisema. "Mzee hasikii kitu sasa."

Dishon aliendelea hivyohivyo mpaka Pap Onditi, na jua lilikuwa limeanza kuinama tulipoingia bomani.

Wanaume wa ukoo walikuja kulipokea jeneza. Vilio vilikuwa vimejaa, watu wamejaa, na katikati ya hayo yote nilimwona kaka yangu amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma. Wengine walidhani miguu imemwisha. Mimi nilijua anachofanya, kwa sababu nilikuwa nimemwona akikifanya kila siku gerejini. Alikuwa akitazama nafasi iliyo kati ya gurudumu na bodi, aone gari litainuka kiasi gani mzigo ukitoka.

Jeneza lilivutwa, likatoka, likabebwa. Gari halikuinuka. Springi zile zilikuwa ngumu mno kujua kwamba Baba ameshuka.

Dishon aliniangalia. "Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona," nikasema, nikamshika mkono akasimama, tukaenda kuzika.

Dala yake ilikuja kusimamishwa baadaye sana, baada ya matanga na baada ya ukoo kukaa na kukaa tena. Walimpata binamu wa Baba kutoka upande wa Kendu Bay, mtu mwema ambaye tulikuwa hatujawahi kukutana naye. Alfajiri hiyo alitangulia mbele, Dishon akafuata na shoka na jogoo, Apiyo na moto. Walipofika shambani yule mzee alisimama akamuuliza kaka yangu, kwa heshima, baba yake alikuwa akipenda nyumba ikae wapi. Dishon alilikataa gari la kuazima, akaishia na baba wa kuazima, na baba huyo hakujua mahali. Kaka yangu alitazama huku na huku katika umande. Na yeye hakujua, kwa maana hakuwahi kuuliza.